Majina unayomnyima mhudumu wa afya, simu yako imeshayagawa

Wiki hii tuanze na hesabu ndogo. Kesho asubuhi mhudumu wa afya akibisha hodi kwako, akakuomba umtajie watu wote uliokaa nao, uliokula nao na uliolala nao nyumba moja kwa siku 21 zilizopita, utamtajia wangapi? Wengi wetu tungetaja watano au sita, kisha wasiwasi ungeanza. Anayataka ya nini majina haya? Atayapeleka wapi? Majirani watasemaje wakijua mimi ndiye niliyewataja?

Sasa chukua simu yako. Ile programu uliyoipakua juzi, iwe ya mikopo, ya michezo au ya kufuatilia ujauzito, huenda ilikuomba ruhusa ya kuona orodha ya majina yaliyomo kwenye simu. Ukabonyeza "ruhusu" bila kusoma. Hapo ulikabidhi majina mia tatu, pengine mia tano: mkwe wako, mwalimu wa mtoto, nesi wa kliniki, daktari unayemwona kwa ugonjwa ambao hata ndugu zako hawaujui.

Mhudumu wa afya tunamnyima majina kumi, muuzaji tusiyemjua tumempa mia tano. Makala haya yanaeleza kwa nini majina hayo yana thamani kubwa namna hiyo, jinsi yanavyookoa maisha yakitumiwa na wataalamu wa afya, na jinsi yanavyogeuzwa biashara yakiangukia kwingine. Mgonjwa na mzazi wanahitaji kujua wakati wa kutaja na wakati wa kukataa.

Nukta na mistari

Tunaposikia "mitandao ya kijamii" tunafikiria Facebook, WhatsApp na TikTok. Lakini wataalamu wanaofanya uchambuzi wa mitandao ya kijamii wanazungumzia jambo lililokuwepo kabla ya simu: nani anahusiana na nani. Chukua karatasi. Kila mtu mweke kama nukta. Watu wawili wanaoishi pamoja, wanaofanya kazi pamoja au wanaoshauriana, waunganishe kwa mstari. Mchoro huo ndio mtandao, na kuusoma ndiyo kazi yenyewe.

Mchoro hukuonyesha mambo ambayo kuhesabu vichwa hakuonyeshi. Tuseme vijiji viwili havina mazoea, isipokuwa bodaboda mmoja anayebeba abiria kutoka huku kwenda kule. Bodaboda huyo si tajiri wala si kiongozi, na marafiki zake ni wachache. Lakini kwenye mchoro yeye ndiye daraja. Kipindupindu kikiingia kijiji cha kwanza, huenda kikavuka kupitia kwake. Na habari za chanjo pia.

Mmoja wa waanzilishi wa michoro hii alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Jacob Moreno. Mwaka 1932, katika shule ya wasichana ya Hudson, jimbo la New York nchini Marekani, wasichana 14 walitoroka ndani ya wiki mbili. Badala ya kumchunguza kila msichana peke yake kutafuta tabia yake mbaya, Moreno alichora nani alikuwa karibu na nani. Akaona kwamba nafasi ya msichana katika mchoro ule ilieleza kutoroka kwake kuliko tabia yake. Mzazi ambaye amewahi kujiuliza "mwanangu amebadilikaje ghafla?" ataelewa mara moja: wakati mwingine jibu liko kwa wale anaokaa nao.

Orodha iliyoishinda ndui

Ushindi mkubwa kuliko wote wa njia hii ni dhidi ya ndui, ugonjwa uliokuwa ukiua na kuwaachia waliopona makovu usoni. Mwanzoni mpango ulikuwa kuchanja karibu kila mtu. Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari Mmarekani William Foege alikabiliwa na mlipuko huku chanjo alizonazo hazitoshi. Yeye na wenzake wakatumia redio za mawasiliano za wamisionari kuuliza kila eneo: je, kwenu kuna mgonjwa? Penye mgonjwa wakachanja watu wa nyumba yake na waliomzunguka, kisha wakaangalia watu hao husafiri kwenda masoko gani na kwa ndugu gani, wakachanja na huko. Mlipuko ukazimika bila kuchanja kila mtu.

Njia hiyo ikasambaa duniani. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya asili alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Mwaka 2015 nchini Guinea, njia hiyo hiyo ilitumika kujaribu chanjo ya Ebola. Kila alipopatikana mgonjwa, iliandikwa orodha ya watu waliotangamana naye, na watu waliotangamana na watu hao. Hao ndio waliopewa chanjo. Kati ya watu 5,837 waliochanjwa, hakuna aliyeugua Ebola kuanzia siku ya kumi baada ya kuchanjwa. Sindano ilifanya kazi yake, lakini orodha ndiyo iliyoielekeza sindano kwa mtu sahihi.

Sasa turudi nyumbani. Januari 2025 Serikali yetu ilitangaza mlipuko wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, mkoa uliokuwa umekumbwa na ugonjwa huo mwaka 2023. Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa, na dawa yake maalumu bado haijapatikana. Silaha iliyobaki ni kumtambua mgonjwa mapema, kumtenga na kumhudumia, na kumfuatilia kila aliyetangamana naye. Watu 281 waliorodheshwa, wakiwamo watumishi wa afya 64. Walifuatiliwa kwa siku 21 kwa sababu huo ndio muda mrefu ambao kirusi hicho huweza kukaa mwilini kabla ya dalili. Machi 13, 2025 mlipuko ukatangazwa kumalizika. Watu kumi walikuwa wamefariki dunia.

Jiulize: katika orodha ile ya 281, kama mtu mmoja angeachwa kwa aibu, kwa sababu ni mchepuko, au kwa sababu alimwosha marehemu kwa siri, na mtu huyo akawa na kirusi, mnyororo ungeanza upya. Ndiyo maana mhudumu anapokuuliza mara mbili na mara tatu, hakupelelezi. Anatafuta nukta iliyosahaulika.

Si lazima iwe Marburg. Kifua kikuu kipo mitaani kwetu kila siku. Mtu mzima akigundulika na kifua kikuu cha mapafu, watoto wanaolala naye nyumba moja wako hatarini, hasa walio chini ya miaka mitano. Wakitajwa, watachunguzwa, na wasio na ugonjwa wanaweza kupewa dawa kinga. Wasipotajwa, mara nyingi tunawaona miezi kadhaa baadaye wakiwa wamekonda na kukohoa. Mzazi mwenye kifua kikuu anayewaficha watoto wake ili "wasisumbuliwe" anawanyima kinga iliyokuwa mlangoni.

Mchoro unaweza kumuumiza mtu

Hofu ya kutajwa, hata hivyo, si upuuzi. Historia ya UKIMWI inatupa funzo chungu. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha mchoro wa wagonjwa 40 waliounganishwa na mahusiano ya kimapenzi. Katikati yake aliwekwa mhudumu wa ndege kutoka Canada, aliyepewa herufi "O", ikimaanisha kwamba anatoka nje ya California. Wasomaji wakaisoma kama sifuri. Miaka mitatu baadaye vyombo vya habari vikamtangaza kuwa ndiye "mgonjwa sifuri", mtu aliyeleta UKIMWI Marekani. Alikuwa ameshafariki na hakuweza kujitetea. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba vya virusi ukathibitisha kwamba ugonjwa ulikuwa umefika New York mapema zaidi, na yeye hakuwa chanzo.

Kilichomweka katikati ya mchoro ni nini? Kwa sehemu kubwa, ni ukarimu wake. Alishirikiana na watafiti, akawatajia majina mengi, ilhali wengine walitaja wachache. Mwenye kusema ukweli ndiye akaonekana mkosaji. Kwa hiyo tunapomwomba mgonjwa awe mkweli, sisi nasi tuna deni kwake: siri yake itunzwe, na mchoro usigeuzwe kesi.

Funzo la pili liko karibu zaidi. Katika Kisiwa cha Likoma cha nchini Malawi, ndani ya Ziwa Nyasa, watafiti waliwahoji vijana wa vijiji kadhaa kuhusu wapenzi wao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Karibu nusu ya vijana waliokuwa wakijamiiana walionekana wameungana katika mnyororo mmoja mkubwa. Ajabu ni kwamba wengi wao hawakuwa na wapenzi wengi. Huyu alikuwa na wawili, yule wawili, na mistari ikakutana. Kwa hiyo yule anayesema "mimi sina haja ya kupima, mwenzangu ni mmoja tu" anasahau kwamba haoni mistari iliyo nyuma ya mwenzake.

Ukikutwa na maambukizi, unaweza kuomba msaada wa mtoa huduma ili mwenza wako ajulishwe na kupimwa, kwa hiari yako na bila jina lako kutajwa. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yako. Hiyo ni haki yako, iulizie.

Marafiki na tabia

Je, mambo yasiyo ya kuambukiza nayo husafiri katika mtandao? Mwaka 2007 watafiti Nicholas Christakis na James Fowler walichambua kumbukumbu za watu 12,067 wa mradi wa afya wa Framingham, Marekani, zilizokusanywa kwa miaka 32. Waliona kwamba rafiki wa mtu akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa mtu huyo naye kunenepa uliongezeka kwa asilimia 57. Vyombo vya habari vikapiga kelele: unene unaambukiza!

Tulia kidogo. Mwaka uliofuata watafiti wengine walitumia hesabu za aina hiyo kwa vijana, wakapata kwamba chunusi, maumivu ya kichwa na hata urefu navyo "vinaambukiza" kati ya marafiki. Urefu hauambukizi. Walitaka kuonyesha kwamba marafiki hufanana kwa sababu nyingine pia: tunachagua wanaofanana nasi, na tunaishi mazingira yaleyale, chipsi zilezile, mtaa uleule usio na uwanja wa kuchezea. Kwa hiyo ukisoma kwamba rafiki yako mnene ndiye tatizo lako, usimkimbie. Angalia kwanza mnakula wapi na mnatembea kiasi gani, kisha mwanze mazoezi pamoja.

Kuna matumizi mengine yaliyo madhubuti zaidi. Mwaka 2009, wakati wa mafua ya H1N1, watafiti hao wawili waliwafuatilia wanafunzi 744 wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kundi moja lilichaguliwa kwa bahati nasibu, jingine ni watu waliotajwa kuwa marafiki. Mlipuko ulilifikia kundi la marafiki takriban wiki mbili mapema. Sababu ni rahisi: mtu anayetajwa na wenzake kama rafiki huwa na watu wengi, hivyo mafua humpata mapema. Daktari wa shule akiwaangalia wanafunzi wa aina hiyo, anaweza kuuona mlipuko kabla haujajaza zahanati.

Kwa wazazi, mfano mzuri unatoka jimbo la Haryana, India. Watafiti, akiwamo Esther Duflo aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi, waliingia vijijini na kuuliza kaya chache swali moja: ni nani hapa akisikia habari, kijiji kizima kitaisikia? Waliotajwa wakaombwa kueneza habari za kliniki za chanjo. Katika vijiji hivyo watoto waliofika kuchanjwa walizidi kwa takriban asilimia 22 wale wa vijiji ambavyo waenezaji walichaguliwa kwa bahati nasibu.

Kila mtaa wa kwetu una mtu huyo. Huenda ni mama wa kikoba, msusi, muuza genge au fundi cherehani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaosoma makala haya wasisubiri kompyuta wala mtaalamu. Waulize swali lile, kisha wakae na mtu huyo wamweleze vizuri kuhusu surua na polio. Lakini wakumbuke kwamba mdomo huo huo ndio unaoeneza uvumi kwamba chanjo inaondoa uzazi. Mtu mmoja akielewa vibaya, mtaa mzima umepotoka.

Hata kampuni za simu zinalijua hilo. Aprili 2020, uvumi wa Korona ulipokuwa umeshamiri, WhatsApp ilizuia ujumbe uliosambazwa mara nyingi usitumwe kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati. Kampuni hiyo ilisema usambazaji wa jumbe hizo ulipungua kwa asilimia 70. Ule mshale wa mara mbili unaouona juu ya ujumbe ndiyo alama yake. Ukiuona juu ya habari ya tiba, shika simu, usitume.

Muuzaji naye anachora

Wafanyabiashara waliuona mchoro huu mapema. Katika miaka ya 1950, kwa fedha za kampuni ya dawa ya Pfizer, watafiti wa Marekani waliwauliza madaktari wa miji minne ya jimbo la Illinois: unamwomba nani ushauri? Unajadili wagonjwa na nani? Rafiki zako ni akina nani? Kisha wakaenda kwenye maduka ya dawa kuangalia ni lini kila daktari alianza kuandika dawa mpya iliyokuwa imeingia sokoni, tetracycline. Madaktari waliotajwa na wenzao wengi ndio walioianza mapema. Ukimpata huyo, ikaonekana, wenzake watafuata.

Mwaka 2001 takwimu hizo zilichambuliwa upya, safari hii matangazo na juhudi za mauzo za kampuni zikiingizwa kwenye hesabu. Athari ya daktari kumshawishi daktari ikatoweka. Yaani kilichodhaniwa kuwa ushauri wa wenzake kilikuwa, kwa sehemu kubwa, tangazo. Kwa mgonjwa fundisho ni moja. Ukisikia "madaktari wote siku hizi wanaandika dawa hii", huenda kuna mtu aliyelipwa kuhakikisha hivyo.

Hadi leo zipo kampuni ambazo biashara yao ni kuchora mitandao ya madaktari na kuwauzia watengenezaji dawa orodha ya wenye ushawishi. Marekani ililazimika kutunga sheria mwaka 2010, na tangu 2014 mwananchi anaweza kuona malipo ambayo daktari wake amepokea kutoka kampuni za dawa. Wewe unaweza kuuliza kwa adabu: "Daktari, dawa hii ina jina lake la asili? Ipo ya bei nafuu yenye kiambato hicho hicho?" Daktari mzuri hatachukia swali hilo.

Halafu kuna mama mwenye mtoto mchanga, ambaye kila mwenye bidhaa anamtafuta. Aprili 2022 WHO ilitoa ripoti kuhusu matangazo ya maziwa ya kopo mitandaoni. Ilichambua machapisho milioni 4 kuhusu ulishaji wa watoto wachanga. Akaunti za kampuni na chapa zilizofuatiliwa zilikuwa zikichapisha takriban mara 90 kwa siku na kuwafikia watu milioni 229, mara tatu ya waliofikiwa na ujumbe wa kunyonyesha kutoka akaunti zisizo za kibiashara. Njia zilizotajwa ni pamoja na programu za simu, vikundi vya wazazi, washawishi wanaolipwa na taarifa za akina mama zilizonunuliwa au kukusanywa.

Angalia ujanja wake. Tangazo la redioni unalitambua. Lakini "mama mwenzako" kwenye kundi, anayekuuliza mtoto analala vipi usiku kisha anakushauri ujaribu kopo fulani, humtambui. Kampuni haikukutafuta wewe moja kwa moja, imemtafuta yule unayemwamini. Tanzania ina kanuni za mwaka 2013 zinazodhibiti utangazaji wa maziwa mbadala, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012. Lakini mkaguzi anayeweza kukagua rafu za duka hawezi kuingia katika kila kundi lako la WhatsApp. Humo mkaguzi ni wewe.

Faragha ya ugonjwa nayo imo hatarini. Mwaka 2016 mwandishi wa habari wa Marekani aliripoti kisa cha daktari wa magonjwa ya akili ambaye wagonjwa wake walianza kupendekezewa na Facebook wawe marafiki wao kwa wao, ingawa hawakufahamiana. Hakuwahi kuwaunganisha. Maelezo yaliyoonekana kukaribia ukweli ni kwamba namba yake ya simu ilikuwemo kwenye simu za wagonjwa wote, na kompyuta ikahitimisha kwamba watu hawa wana jambo linalowaunganisha. Walikuwa nalo kweli: ugonjwa. Hakuna aliyevujisha faili. Mistari yenyewe ndiyo iliyosema.

Na mwaka 2021 wenye programu ya Flo, inayotumiwa na wanawake kufuatilia hedhi na ujauzito, walifikia makubaliano na mamlaka ya biashara ya Marekani baada ya kutuhumiwa kupeleka taarifa za watumiaji kwa kampuni kama Facebook na Google, ilhali walikuwa wameahidi usiri. Kampuni haikukiri kosa. Lakini mama aliyeandika "nimeshika mimba" akidhani anajiandikia mwenyewe, sasa anajua.

Nini cha kufanya

Kwa mgonjwa: ukiulizwa na mhudumu wa afya uliotangamana nao, taja wote. Anza na wa nyumbani, kisha kazini, ibadani, msibani na safarini, na wale ambao hungependa mtu ajue. Kabla ya kutaja una haki ya kuuliza: majina haya yataandikwa wapi, nani atayaona, na jina langu litatajwa kwa yeyote? Mhudumu wa kweli atakujibu. Ana kitambulisho, na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji anamfahamu. Hatakuomba fedha wala namba ya siri ya simu. Ukiwa na shaka, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Kwa mzazi: zijue nukta zinazomzunguka mwanao. Mjue anayekaa naye dawati moja, anayemsindikiza nyumbani na anayemlea ukiwa kazini. Mtoto akiugua surua au tetekuwanga, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo, usisubiri apone kimyakimya. Kwa kufanya hivyo unamlinda mtoto wa mwenzako ambaye hajatimiza umri wa chanjo. Nawe siku moja utahitaji mwenzako afanye vivyo hivyo.

Kwa kila mwenye simu: leo jioni fungua Mipangilio, ingia kwenye programu, kisha Ruhusa. Angalia ni zipi zinazoona majina ya watu wako, sehemu ambayo mara nyingi huandikwa "Anwani". Ya kupimia hatua zako au ya kufuatilia hedhi haina haja na jina la shemeji yako, izime. Unapojiunga na kundi la wagonjwa au la wajawazito, kumbuka kwamba namba yako inaonekana na wote, na usiandike humo jambo ambalo usingelisema kwenye foleni ya kliniki. Na anayekusifia bidhaa ya afya, muulize wazi: "Unalipwa?"

Sheria pia iko upande wako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na tume yake inayopokea malalamiko. Zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na zinazohitaji ulinzi wa ziada. Kliniki, bima au programu ikizitoa bila ridhaa yako, lalamika kwa maandishi na utunze nakala.

Watu wako ndio utajiri wako, msomaji, na wapo wengi wanaotaka orodha yao. Anayeitaka ili awapime, awachanje na awafuatilie hali zao, mpe yote bila kuficha hata mmoja. Anayeitaka ili awauzie kitu, mwambie hapana.